Kila Mwanafunzi na Afanye Taa Yake

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo, lakini mimi naliona kubwa. Jambo lenyewe ni taa. Sisemi juu ya taa za barabarani, wala juu ya umeme wa nguzo. Nasema juu ya taa ndogo ya mezani, ambayo mwanafunzi aweza kuifanya kwa mikono yake mwenyewe, kwa waya wa chaja iliyokufa, balbu za tochi mbovu, na kopo lililotupwa jalalani. Nashauri ya kuwa kila mwanafunzi wa shule yetu, mvulana na msichana, asitoke kidato cha pili kabla hajafanya taa ya namna hii na kuiwasha mbele ya wenzake. Nawaomba wasomaji wasicheke kwanza. Wanisikilize mpaka mwisho, kisha wahukumu.

Taa ya kopo si jambo geni kwetu. Mtu mzima yeyote wa Ufipa aijua koroboi, ambayo wengine huiita kibatari. Fundi bati alichukua kopo tupu la maziwa au la dawa, akalikata, akaliunga kwa risasi, akasimamisha kibomba chembamba cha bati katikati ya kifuniko, akapitisha utambi wa kitambaa, na kazi ikaisha. Kopo lile lilikuja toka mbali likiwa limebeba bidhaa ya watu wengine. Lilipotoka mkononi mwa fundi wetu lilikuwa taa. Fundi yule hakufundishwa kazi hiyo darasani na mtu yeyote, wala hakupewa cheti. Tena wazee wengi ambao leo tunawaita mwalimu, mganga na hakimu, walisoma vitabu vyao kwa mwanga wa koroboi. Kwa hiyo si haki kuidharau.

Walakini koroboi ina madhara yake, na hapana haja ya kuyaficha. Moshi wake huingia kifuani na machoni, na mtoto aliyesoma nayo usiku huamka asubuhi tundu za pua zikiwa nyeusi. Ikianguka katika nyumba ya nyasi, nyumba huteketea. Mafuta yake huwekwa mara nyingi katika chupa ya soda, na mtoto mdogo mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Zaidi ya hayo, mafuta ni ya kununua kila mara, na bei yake haimo mikononi mwa mnunuzi. Mwaka 2011 serikali yetu ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwazuia watu waovu wasiyachanganye na dizeli. Nia ilikuwa njema, lakini mzigo ule ukamwangukia pia mama wa kijijini ambaye hana gari wala dizeli, ana koroboi yake tu.

Najua siku hizi mambo yamebadilika. Sumbawanga kwa miaka mingi ilitegemea umeme ulionunuliwa nchi jirani ya Zambia pamoja na mitambo ya dizeli. Na tangu sheria ya nishati vijijini ya mwaka 2005 ilipozaa Wakala wa Nishati Vijijini, nguzo zimefika mahali pengi ambapo babu zetu hawakudhani zitafika. Tunashukuru. Lakini nguzo kupita karibu na nyumba si sawasawa na taa kuwaka ndani ya nyumba. Tena umeme hukatika, na mara nyingi hukatika jioni, saa ile ile mwanafunzi anapofungua daftari. Wako wenzetu wanaotoka mbali, waliopanga vyumba mjini ili wawe karibu na shule, yale makazi tunayoyaita mageto. Hao hulipa kodi ya chumba, hununua unga na mkaa, na baada ya hapo fedha ya taa haibaki. Husoma kwa mwanga wa simu mpaka simu izimike, kisha hulala. Basi huyo anayelala saa mbili za usiku si mvivu. Amekosa mwanga. Na mtihani wa taifa hautamwuliza alikuwa na taa au hakuwa nayo.

Sasa tutazame tunachotupa. Pita nyuma ya nyumba yoyote ya mjini, au nyuma ya mabweni yetu wenyewe, utaona nyaya za chaja, tochi zilizopasuka, redio zisizolia, chupa za maji, ndara zilizokatika mikanda. Hii si taabu yetu peke yetu. Umoja wa Mataifa ulikadiria ya kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme vilivyoharibika, na haikufika hata robo ya taka hizo iliyokusanywa na kushughulikiwa kwa njia inayofaa. Sisi tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni, 2019, na nchi ikapendeza. Lakini waya wa chaja haujapigwa marufuku, wala hauwezi kupigwa marufuku, maana kila mtu ana simu. Dawa yake ni kuutumia tena.

Na Wafipa tunapaswa kulielewa neno hili upesi kuliko watu wengine. Wazee wetu katika uwanda huu, wenye udongo usio na rutuba nyingi, hawakuyachoma majani yote ya shamba wala kuyatupa. Waliyalaza, wakayafunika kwa udongo, wakafanya matuta ya mviringo, na majani yakaoza humo na kuwa mbolea. Tuta lile liliota maharage, na msimu uliofuata likatawanywa kuwa chakula cha ulezi au mahindi. Mgeni aliyepita aliona nyasi tu. Mwenyeji aliona mavuno ya mwaka ujao. Nasadiki ya kuwa macho yale yale yaliyoona mavuno katika nyasi yaweza kuona taa katika waya wa chaja.

Isije ikasemwa ya kuwa napenda maneno tu, nitaeleza jinsi taa yenyewe inavyofanywa. Nimeifanya mwenyewe, na inawaka.

Kwanza tafuta waya wa chaja ya simu uliokufa. Waya wa namna hii karibu kila mara hukatika upande ule unaoingia simuni, kwa sababu ndio unaokunjwa kila siku. Ule upande wa pili, wenye kichwa kipana cha bapa kinachoitwa USB, huwa mzima. Huo ndio tunaoutaka. (Zile nyaya mpya zenye kichwa kidogo cha mviringo pande zote mbili ziache, maana chaja zake hazitoi umeme mpaka zipate ishara kutoka katika chombo kilichounganishwa.) Kata upande ulioharibika, umenye ganda kwa uangalifu, utakuta ndani nyaya ndogo nne: nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani. Nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Zile mbili nyingine ni za kupitisha habari, hazina kazi kwetu, basi zifunge kila moja kwa utepe zisigusane. Nyaya za bei rahisi wakati mwingine hazifuati rangi hizi. Kwa hiyo pima kwanza kwa mita ya maabara, usiamini macho.

Pili tafuta balbu. Tochi nyingi za madukani hufa kwa sababu betri yake imekwisha au swichi imevunjika, lakini zile balbu ndogo nyeupe za LED zilizo mbele bado ni nzima. Kila balbu ina miguu miwili: mrefu ni chanya na mfupi ni hasi. Kama miguu imekwisha katwa, tazama ukingo wa balbu; ule upande uliochongwa bapa ndio hasi. Ukiiunga kinyume haitawaka, basi igeuze.

Hapa pana somo ambalo wengi tunalijua kwa mdomo tu. Tundu la USB hutoa volti 5. Balbu nyeupe ya LED hutaka volti 3 hivi, na mkondo wa miliampea 20. Ukiiunga moja kwa moja itang'aa sana kwa muda mfupi, kisha itakufa. Hapana budi kuweka kizuizi, yaani rezista, ambayo waweza kuitoa katika redio mbovu. Je, rezista ya kiasi gani? Volti 5 ukiondoa 3 hubaki 2. Gawanya volti 2 kwa ampea 0.02, utapata ohm 100. Hiyo ndiyo sheria ya Ohm, ambayo tunaiimba tangu tulipoanza fizikia, na hii ndiyo kazi yake. Rezista ya ohm 100 yenye michirizi minne huanza na kahawia, nyeusi, kahawia. Mchirizi wa nne huonyesha usahihi wake tu.

Kila balbu iwe na rezista yake. Mtu atauliza: kwa nini nisitumie moja kwa balbu zote? Kwa sababu balbu hazikuzaliwa sawa. Moja hupitisha umeme upesi kuliko wenzake, nayo hula mkondo mwingi mpaka inaungua, kisha ya pili hufuata, na ya tatu, mpaka unabaki gizani. Kila moja ikiwa na mlinzi wake, hakuna inayomdhulumu mwenzake.

Tatu ni mwili wa taa, na hapa kila mtu na atumie akili yake. Mimi nilikata duara katika soli ya ndara kuukuu, nikatoboa matundu kwa msumari, nikapitisha balbu sita, na ule mpira ukazishika barabara. Sehemu ya juu ya chupa ya maji ikawa kofia ya taa. Ndani yake nilibandika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya biskuti ili mwanga urudi chini kwenye daftari. Angalia karatasi hiyo isiguse miguu ya balbu, maana ile rangi ya fedha ni madini na yaweza kupitisha umeme. Shingo ya taa ni spoku mbili za baiskeli zilizosokotwa pamoja, ambazo waweza kuzipinda upendavyo. Kitako ni kopo lililojazwa kokoto lisianguke. Maungio yakilehemiwa ni mema zaidi. Kama hakuna chombo cha kulehemu, sokota nyaya kwa nguvu na kuzifunga kwa utepe wa umeme.

Balbu sita zinakula miliampea 120, yaani wati 0.6 tu. Tundu la kawaida la USB laweza kutoa miliampea 500, kwa hiyo halilemewi. Ukiiunga kwenye pawabanki ya miliampea-saa 5,000, hata ukikisia ya kuwa theluthi moja ya umeme hupotea njiani, taa itawaka saa 20 hivi. Mwanafunzi anayesoma saa nne kila usiku atamaliza siku tano za masomo kabla ya kutafuta mahali pa kuchajia. Na nyumba yenye paneli ndogo ya sola yenye tundu la USB itaijaza tena pawabanki hiyo mchana, maana jua la Ufipa, hata katika baridi ya Juni na Julai, halina bili.

Balbu hii ndogo tunayoikuta jalalani ni matunda ya kazi ya watu wenye elimu kubwa. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa Marekani alifanya ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Mwanga mweupe ulichelewa sana, kwa kuwa ulihitaji kwanza balbu ya buluu yenye nguvu, na hiyo ikawashinda watu kwa karibu miaka 30. Waliofaulu ni wataalamu watatu waliozaliwa Japani: Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, nao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Basi kitu kilichompatia mtu Tuzo ya Nobel, sisi tunakifagia pamoja na maganda ya ndizi.

Sasa nataka kujibu maneno ya wale watakaonipinga, maana nimekwisha yasikia.

Wa kwanza husema: "Taa hizi zauzwa sokoni kwa bei rahisi. Ya nini kujisumbua?" Swali hili ni zuri, na jibu lake limo katika historia yetu wenyewe. Wafipa walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Walijenga kwa udongo tanuru ndefu zilizoitwa malungu, zenye urefu wa mita tatu hivi. Zilivuta upepo zenyewe kwa ule urefu wake, bila mivukuto, na mawe ya chuma yakayeyuka humo kwa mkaa kwa muda wa siku kadha. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuru ndogo yenye mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe. Jembe lile lilitumika shambani, liliuzwa nchi za jirani, na lilitolewa mahari. Malungu machache yamesimama mpaka leo, na mtu aweza kwenda kuyatazama. Lakini yamesimama tu, hayana moto. Jembe la kigeni la bei rahisi lilipoingia, watu waliona hapana haja ya kujisumbua, na kazi ikafa pamoja na waliokuwa wakiijua.

Sisemi turudi kuyeyusha chuma. Jembe la dukani ni jema na taa ya dukani ni njema. Mwenye fedha na anunue. Lakini tuangalie kilichopotea pale. Hatukupoteza majembe, maana majembe yapo. Tulipoteza watu wanaojua jembe linatoka wapi. Taa ya dukani ikiharibika, asiyejua hununua nyingine, na ile ya kwanza huenda jalalani. Aliyefanya taa yake hata mara moja huifungua, hutafuta waya uliokatika, huuunga, na taa huwaka. Huyu ataweza kuitengeneza taa ya mama yake, na redio ya jirani, na kesho huenda akafungua kibanda cha ufundi sokoni na kulisha watu. Taa moja ni kitu kidogo. Mkono uliojifunza si kitu kidogo.

Wa pili husema: "Mitihani iko karibu, hatuna wakati wa michezo ya makopo." Hao nawakumbusha ya kuwa mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akatuonya juu ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya adharau kazi ya mikono. Zaidi ya nusu karne imepita. Na mtaala mpya, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, umeleta mkondo wa amali katika sekondari, kwa nia ya kumwezesha mwanafunzi kutenda anachojua. Lakini amali isiwe neno la kuwekwa katika mkondo mmoja, kana kwamba mikono ni ya wale tu wasiofaulu kwa vichwa. Nionyesheni mtu aliyeelewa mkondo wa umeme vizuri zaidi kuliko yule aliyeunguza balbu, akauliza kwa nini, akapiga hesabu, akaweka rezista. Saa mbili za Jumamosi moja zatosha kwa kazi hii yote. Mtihani utafaidika nazo.

Wa tatu husema: "Ni hatari." Wana haki kwa sehemu, na hapa sitaki mzaha. Volti 5 za USB haziwezi kumrusha mtu, na ndiyo sababu nimechagua taa ya namna hii kwa wanaoanza kujifunza. Lakini mambo matatu yakatazwe kabisa. La kwanza, mtu asifungue chaja yenyewe wala balbu ya nyumbani ikiwa imechomekwa ukutani, maana huko mna volti 230, nazo huua. La pili, mtu asitoboe, asipinde, wala asitupe motoni betri ya simu. Betri hizo za lithiamu hulipuka na kuwaka moto mkali. La tatu, betri kavu zilizovuja zisivunjwe kwa meno wala kwa jiwe kama watoto wafanyavyo. Mwalimu au fundi awepo, na kazi ifanyike mezani penye mwanga.

Wa nne husema: "Kutuletea mwanga ni kazi ya serikali." Ni kweli, na nisingependa mtu atumie maneno yangu kuwa udhuru wa kuchelewesha nguzo. Kijiji kinachostahili umeme kipewe umeme. Taa ya kopo haiwezi kuendesha mashine ya kusaga wala kupoza dawa za zahanati. Lakini mtoto wa kidato cha pili mwaka huu hawezi kurudia mwaka huu baada ya nguzo kufika. Yeye anataka mwanga leo usiku. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wako waliotutangulia katika njia hii, wala hawakuwa matajiri. Malawi, si mbali sana na sisi, kijana William Kamkwamba aliacha sekondari kwa kukosa karo wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Hakukaa bure. Alikwenda maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe, akakuta kitabu cha Kiingereza juu ya nishati, na kwa kufuata picha zake akajenga mtambo wa upepo kwa fremu ya baiskeli, pangaboi la trekta, dainamo ya baiskeli na miti. Nyumba ya baba yake ikapata taa. Baadaye alimaliza chuo kikuu Marekani. Kule Brazili fundi Alfredo Moser, mwaka 2002, alijaza chupa ya plastiki maji na dawa kidogo ya kufanya nguo kuwa nyeupe, akaipachika katika paa la bati, na mwanga wa jua ukaingia chumba kilichokuwa giza mchana. Na hapa nchini kwetu, Kinyasini katika kisiwa cha Unguja, akina mama wa vijijini, ambao wengi wao hawakupata nafasi ya kusoma sana, wamefundishwa kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, nao wakarudi makwao kuwa mafundi wa vijiji vyao. Mama ambaye hakusoma akiweza hayo, msichana wa sekondari mwenye mwalimu wa fizikia na maabara atashindwaje?

Neno hili la wasichana nalitilia mkazo. Nimeona mara nyingi darasani, kazi ya mikono inapogawiwa, wavulana hushika vyombo na wasichana hupewa kalamu waandike matokeo. Desturi hiyo haifai. Nyumbani ni msichana anayepika gizani na ni msichana anayemaliza kazi zote kabla ya kufungua daftari. Basi yeye ndiye anayeihitaji taa kuliko wote. Na yeye kwanza ashike koleo.

Kwa hiyo natoa mashauri manne.

Kwanza, liwekwe sanduku mlangoni pa maabara, na kila mwanafunzi anaporudi toka likizo alete waya mmoja uliokufa, au tochi moja mbovu, au redio isiyolia. Kwa wingi wetu tutapata vifaa vya kutosha bila shule kutoa fedha nyingi. Betri za simu zisiletwe.

Pili, mwalimu wa fizikia atupe Jumamosi mbili katika muhula, moja ya kupima na kuhesabu, moja ya kufanya, na mafundi redio wa mjini waalikwe kutufundisha. Watu hawa wana elimu kubwa mikononi, lakini hakuna aliyewahi kuwakaribisha shuleni kama walimu.

Tatu, taa ya kwanza ya kila mmoja iwe yake, na ya pili impe mtu mwingine: mwanafunzi wa geto asiye na taa, au mtoto wa shule ya msingi kijijini kwake, Laela, Matai, Namanyere au kokote atokako. Ampe na maelezo ya kuitengeneza, si taa tupu.

Nne, zile zitakazoharibika zisitupwe bali zirudi sandukuni.

Wazazi nawaomba jambo moja dogo. Mtoto akirudi likizo na kuomba ile redio mbovu iliyo juu ya kabati, msimkatalie kwa kusema ataiharibu. Imekwisha haribika. Mwacheni aifungue mbele yenu na kuwaeleza kilichomo. Walimu nawaomba watuvumilie tutakapounguza balbu chache, maana balbu iliyoungua mikononi mwa mwanafunzi imefundisha kitu kabla ya kufa. Na wanafunzi wenzangu nawaomba tusingoje tangazo. Jumamosi hii mtu mmoja akianza, Jumamosi ijayo watakuwa watano.

Mzee wa zamani alilijua jembe lake tangu lilipokuwa jiwe mlimani. Sisi tunashika simu, taa na redio kila siku, na hatujui kilichomo ndani yake hata kidogo. Mimi naona aibu kwa jambo hilo, na nadhani aibu hiyo ni ya kufaa, ikiwa itatufanya tutafute koleo.

Wako katika kazi,
Mwanafunzi, Kidato cha Nne